Mama Mkuu wa Chumba cha Seva

Hospitalini tulimwita Mama Mkuu, na jina hilo lilichanganya watu. Mgeni akilisikia alitarajia mtawa mwenye msalaba kifuani na mwendo wa taratibu. Akielekezwa mlango wa mwisho kwenye korido ya chini, akibisha, alifunguliwa na mwanamke mwembamba wa makamo, mtandio mweusi umefungwa vizuri chini ya kidevu, bisibisi mkononi, akimwambia avue viatu kabla hajaingia. Alikuwa Mwislamu wa swala tano, na alikuwa mkuu wa kitengo chetu cha kompyuta. Sijui nani aliunganisha hayo maneno mawili kwanza, lakini jina lilishika hata kwa wagonjwa. Mwenyewe hakulikataa. Alisema siku watawa wa kweli watakapokuja kudai jina lao atawarudishia, tena likiwa limepigwa pasi.

Alikozaliwa sikujui, na hakupenda kuulizwa. Mtu akianza, "Mama, nyie kwenu hasa ni wapi," alijibu, "Hapa hapa Mwanza, nyuma ya soko," kisha akarudi kwenye kazi yake. Mimi nilikuwa nimetoka Misungwi na cheti changu cha chuo, nikidhani najua seva ni nini. Miaka niliyokaa naye ndiyo iliyonifanya fundi, na sasa nikiwa kwenye kiwanda cha samaki Nyakato, watu wakiniuliza kwa nini naongea na mashine kwa sauti ya chini, huwa natabasamu tu.

Chumba chake kilikuwa stoo ya mashuka zamani. Ukuta wa nyuma ulikuwa umejengwa kulifuata jabali, kama nyumba nyingi za mji wetu ambazo zimeyaachia mawe yakae yalipokuwa, na jabali hilo lilikifanya chumba kiwe na ubaridi hata umeme ukikatika na kiyoyozi kikizima. Mama Mkuu alilipenda. Alisema ndilo kiyoyozi pekee kisichohitaji fundi. Asubuhi akiingia alilishika kwa kiganja kwanza, kama mtu anayempima mtoto homa, halafu ndipo alipotazama taa za mashine.

Adui yake mkubwa walikuwa wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaopanda juu ya maji kama moshi na kuja mjini kwa makundi. Msimu wao ukifika waliingia hata pasipoingia hewa. Walinasa kwenye feni za seva, wakaoza, wakanuka samaki. Alikuwa na brashi laini ya rangi kwa ajili yao. Aliwapangusa feni moja baada ya nyingine, bila hasira, akisema, "Nao walikuwa wanafuata taa tu."

Nakumbuka sana alivyotufundisha kutaja herufi. Karani mmoja wa maabara, Msukuma mwenzangu kutoka Magu, alimpigia simu akaunti yake ilipofungwa. Akasoma nenosiri lake jipya lote kwa sauti. Mama Mkuu akaandika, ikakataa. Akasoma tena, ikakataa.

"Baba, hiyo ya tatu ni ra au la?"

"Ni la, Mama."

"La ya limau au la ya ruba?"

Karani akasema kwa unyenyekevu, "La ya luba."

Aliinama juu ya meza akacheka mpaka mtandio ukalegea. Lakini kesho yake alibandika karatasi kwenye kila simu ya hospitali: kila herufi na kitu chake, R ikiwa na picha ya redio na L ikiwa na picha ya limau, ili mtu ataje kitu anachokiona na si sauti anayoisikia. Hakumtaja karani. Tatizo la akaunti za maabara kufungwa lilipungua sana baada ya hapo, na yule karani mpaka leo tukikutana hunisalimia, "Limau hajambo?"

Alikuwa na misemo, na wote tuliisema nyuma ya mgongo wake tukiigiza sauti yake. "Mashine haidanganyi, ila haina maneno mengi." "Usiguse viwili." Huu wa pili aliurudia kila siku. Maana yake ni kwamba kitu kikiharibika, badilisha jambo moja, angalia, kisha ndipo uende kwenye jingine. "Ukinywa dawa tatu ukapona," alisema, "hutajua iliyokuponya, na ukiugua tena utazinywa zote." Madaktari walimpenda kwa huo.

Kitu ambacho watu hawakukipenda ni siku ya karatasi. Kila mwezi alichagua asubuhi moja, akaagiza mapokezi, maabara na dawa wafanye kazi kwa kalamu mpaka saa nne, kompyuta zikiwa zinawaka mbele yao bila kuguswa. Wauguzi walinung'unika. Daktari mmoja aliniambia kwamba huyo mama anatamani turudi enzi za mkoloni. Nilipomfikishia maneno hayo hakukasirika. Alisema, "Mwambie mashine ni mgeni. Mgeni akiaga, wenyeji lazima wajue jikoni ni wapi."

Usidhani basi kwamba alikuwa mtu wa subira kila mahali. Ndani ya chumba kile angeweza kukaa mbele ya kioo cha mashine akisoma mistari midogo mpaka macho yakaiva. Nje, hakuwa na subira hata ya chai kuchemka. Alikunywa chai yenye uvuguvugu, majani yakielea. Kwenye foleni ya kivuko cha Kamanga aligombana na watu wenye umri wa kumzaa. Alikuwa na gari dogo jeupe ambalo aliliendesha kama limeibwa, na mara moja aliponipa lifti mpaka Nyakato nilishuka nikiwa nimeshikilia mkanda kwa mikono yote miwili. Aliniuliza, "Nini tena?" Nikasema hakuna kitu, Mama. Na mezani kwake, yule aliyetugombeza kwa waya mmoja uliopinda, kulikuwa na vikombe, maganda ya karanga na chaja za simu zilizosukana kama nywele.

Sasa nifike kwenye jambo lililompata.

Ilitoka taarifa kwamba kiini cha mfumo wa seva zetu kina tundu ambalo wezi wa mtandaoni wanaweza kulipitia. Kiini ni ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo, inayosimama kati ya programu na chuma chenyewe. Programu ikitaka diski au kumbukumbu, huomba kiini. Tulikuwa na seva mbili. Moja ilibeba mafaili ya wagonjwa, nyingine ilibeba maabara na benki ya damu. Desturi yake ilikuwa kusasisha moja, kuitazama wiki nzima, kisha ndipo kugusa ya pili. Safari hii alizisasisha zote mbili Jumamosi moja asubuhi. Zilizimika, zikawaka, zikakaa vizuri. Jumapili hospitali ilikuwa kimya. Mwenyewe alikuwa na tiketi ya meli ya kwenda Bukoba Jumatatu jioni, kwenye harusi ya binti wa dada yake, binti ambaye Mama Mkuu ndiye aliyemlea.

Jumatatu watu walipojaa, seva ya mafaili ilianguka. Ikajiwasha, ikakaa muda wa kunywa kikombe cha chai, ikaanguka tena. Kabla hatujaielewa, ya maabara nayo ikaanguka. Kwenye kioo kulibaki mistari ya Kiingereza iliyoganda, wa mwisho ukisema kiini kimeingiwa na kiwewe. Hivyo ndivyo Mama Mkuu alivyotutafsiria. "Kimeingiwa na kiwewe," alisema, "kikaona bora kisimame kuliko kuharibu. Kina akili kuliko sisi."

Foleni ya mapokezi ilifika getini. Kisha akaja mkuu wa maabara mwenyewe, anahema. Kwenye chumba cha upasuaji kulikuwa na mama mjamzito anayepoteza damu, na majibu ya kulinganisha damu yake yalikuwa ndani ya seva iliyoanguka.

"Chupa zenyewe zipo?" Mama Mkuu akamuuliza.

"Zipo kwenye jokofu. Majibu ndiyo sina."

"Sampuli yake bado ipo?"

"Ipo."

"Basi pima upya, andika kwa mkono, bandika kwenye chupa. Si mnafanya kila mwezi?"

Mkuu wa maabara alimtazama, akageuka, akaondoka mbio. Ile siku ya karatasi waliyoinung'unikia waliijua kwa vidole. Damu ilipanda kwenye chumba cha upasuaji ikiwa na lebo za kalamu.

Aliyefuata ni mkurugenzi wa hospitali, daktari mwenye haraka zake, simu sikioni. Upande wa pili alikuwa mtu wa kampuni ya Dar es Salaam iliyotuuzia mfumo. Mkurugenzi aliweka simu mezani ili sote tusikie.

"Futeni zote mbili, mpakie upya kutoka kwenye nakala," ile sauti ilisema. "Mchana mtakuwa hewani."

"Nakala ya mwisho ni ya Jumamosi kabla ya sasisho," Mama Mkuu akasema. "Majibu ya maabara yaliyoingia tangu hapo yatapotea. Kuna watoto wachanga humo. Kuna watu waliopimwa wakarudi Ukerewe, watakuja Jumatano kusikiliza."

"Mama, kuna gharama katika kila jambo."

"Najua. Ndiyo maana nataka nijue tunalipia ugonjwa gani."

Mkurugenzi akasema, "Mama, nina watu mpaka barabarani."

"Nipe mpaka adhuhuri, Daktari. Zisiposimama kufikia hapo, nafuta mwenyewe kwa mkono wangu."

Mkurugenzi akachukua simu yake akatoka bila kusema ndiyo wala hapana, na sisi tukaichukulia kuwa ndiyo.

Tulikuwa watatu mle ndani: yeye, mimi, na mwenzetu wa mitandao aliyeishi Mkolani, kijana mwepesi wa mikono. Huyo alikuwa tayari ameshika nyaya mbili na kadi ya akiba. Mama Mkuu alimwambia aviweke chini. Akaanza na seva ya mafaili. Mfumo ule, unaposasishwa, hauitupi kiini cha zamani. Unakiacha pembeni, na mashine inapowaka unaweza kukichagua. Alichagua cha zamani. Tukasubiri. Muda wa kikombe cha chai ukapita. Seva ikasimama imara. Baadaye tulikuja kuona kwamba kipande cha programu kinachozungumza na kadi ya diski kilikuwa kimetengenezwa kwa kiini cha zamani, na kile kipya kilikuwa hakielewani nacho kazi ikizidi. Mapokezi walipiga makofi mpaka tukawasikia chini.

Akafanya vilevile kwa seva ya maabara. Ikawaka na kiini cha zamani, ikakaa, ikaanguka.

Hapo ndipo nilipomwona uso wake ukibadilika. Mwenzetu akasema, "Basi siyo sasisho, Mama. Labda ni kirusi. Tufute tu." Nami moyoni nilikubaliana naye. Mama Mkuu alikwenda kwenye jabali akaweka kiganja, akakaa hivyo, mgongo umetuelekea. Aliporudi aliniuliza mimi.

"Jumamosi tulibadilisha nini kwenye hii?"

"Kiini, Mama. Basi."

"Na nini kingine?"

"Hakuna. Tulisasisha, tukaizima, tukaiwasha."

"Hii ilizimwa lini kabla ya hapo?"

Nilifikiri. Ilikuwa zaidi ya mwaka. Tulijivunia jambo hilo, hata tulikuwa tunatambiana nalo.

"Basi tulibadilisha viwili," akasema. "Tulibadilisha kiini, na tuliiamsha. Imeamka ikajipanga upya. Kiini kimekalia mahali kwenye kumbukumbu ambapo mwaka mzima hakikukaa, na hapo mahali pana ubovu."

Tukaifungua. Vijiti vya kumbukumbu vilikuwa vimepangana kama meno. Alituagiza tutoe jozi moja, tuwashe, tusubiri; turudishe, tutoe nyingine. Mwenzetu alikuwa anatingisha goti kwa kukosa subira, naye akamwekea mkono begani bila kumtazama. Adhana ya adhuhuri ilisikika kutoka mjini tukiwa kwenye jozi ya tatu. Mkurugenzi akatokea mlangoni, akasimama, viatu miguuni. Mama Mkuu akamwambia, "Hii ndiyo inasimama, Daktari. Subiri na sisi." Naye, kwa namna nisiyoitegemea, akavua viatu, akaingia, akaketi juu ya boksi.

Ilisimama. Tulikaa wanne tukiitazama kama watu wanaongoja maji yachemke, na haikuanguka. Majibu yote yalikuwamo. Hakikupotea kitu. Kijiti kibovu alikitia mfukoni mwa koti lake. Alasiri ile tulipata habari kwamba yule mama wa upasuaji amejifungua mtoto wa kike, na wote wazima. Meli ya Bukoba iliondoka bila Mama Mkuu. Nilimwona dirishani akiitazama ikipinda nyuma ya mawe, akampigia dada yake simu akiongea kwa sauti ya chini sana.

Ningependa kusema alishukuriwa. Wiki ile kulikuwa na kikao. Kampuni ilikuwa imeandika kwamba hospitali imesasisha bila utaratibu, na mkurugenzi alitaka kujua nani aliruhusu seva mbili kuguswa siku moja. Ingekuwa rahisi kusema ni kijiti kibovu. Mimi nilikuwa nimejiandaa kulisema hilo. Alisimama kabla yangu.

"Niliruhusu mimi. Najua haifai, na ni mimi niliyewafundisha hawa kwamba haifai. Nilikuwa na harusi, nikaona nimalize niende."

"Lakini umeziponya, Mama," mkurugenzi akasema, karibu kwa kumwombea.

"Ningezigusa moja moja, yule mama asingesubiri damu."

Walimwondoa ukuu wa kitengo. Walimpeleka mapokezi kufundisha makarani, akabaki huko mpaka alipostaafu. Mkuu mpya alikuja kutoka Dar, mtu mzuri, mwenye adabu, ila siku ya karatasi ilikufa baada ya miezi michache. Mama Mkuu alinikabidhi brashi ya wadudu na funguo, akasema, "Angalia feni," basi. Tangu siku hiyo alipita mlango wetu akielekea kantini bila kugeuza shingo. Mwanzoni nilidhani ana kinyongo. Siku moja nilimuuliza. Alisema hapana, ila akichungulia atataka kuingia, na akiingia yule kijana wa Dar hatajifunza. Makarani aliowafundisha walikuwa wakali kuliko sisi. Na jina walimwachia. Mkuu mpya tulimwita Bosi tu.

Nilimwona mara ya mwisho mwaka huu, nyumbani kwake Mkolani, nilipokwenda kumpa pole. Msiba ulikuwa umenipita nikiwa safarini: mumewe alikuwa amefariki, mzee mcheshi aliyewahi kuwa dereva wa malori. Nilibeba sato wawili. Alikuwa amekonda zaidi, lakini mtandio ulikuwa palepale.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Vua viatu."

Tulizungumza juu ya marehemu, juu ya watoto wangu, juu ya daraja na barabara. Alinipa chapati. Simu yake ilikuwa mezani, na kila baada ya muda iliwaka ikiomba kusasishwa. Kila ilipoomba, alinyoosha kidole akabonyeza "baadaye", bila kukatisha maneno yake. Mwishowe nilishindwa.

"Mama, hiyo inaomba tangu lini?"

"Tangu arobaini ya mzee. Wanasema nisiposasisha, zile meseji za sauti hazitafunguka tena mwezi ujao. Sauti zake zote zimo humu."

"Hujaweka nakala?"

"Nimeweka sehemu tatu. Nimezifungua zote, zinasikika vizuri."

"Sasa hofu ya nini?"

Alifikiri kweli, kama alivyokuwa akifikiri zamani.

"Sijui. Mkono unakataa." Akanisukumia simu. "Bonyeza wewe."

Nilikaribia kuichukua. Kisha nikairudisha mbele yake.

"Bonyeza wewe, Mama. Mimi nipo hapa."

Aliniangalia kwa jicho ambalo lilikuwa linatutoa jasho chumbani kule. Kisha akabonyeza, akainuka palepale, akaenda jikoni. Nilimsikia akigeuza chapati ambayo haikuhitaji kugeuzwa. Simu ikazima. Kioo kilikaa cheusi muda mrefu kuliko nilivyopenda, na nikajikuta nimeishika kwa mikono miwili. Ikawaka, ikapanga picha zake, ikatulia.

"Mama. Imeamka."

Alikuja akifuta mikono. Hakuiweka sauti nje. Alitafuta, akabonyeza, akaiegemeza sikioni chini ya mtandio. Alisikiliza amesimama. Nilitazama mlangoni ili asinione nikimtazama. Kisha nikamsikia akicheka, kicheko kifupi cha puani.

"Anasemaje?"

"Anasema amenunua sangara mkubwa, sufuria yetu haitatosha, nipitie kwa jirani niazime." Akaketi. "Na kweli haikutosha. Tulimkata mkia, na bado akachungulia."

Akaniambia nijimiminie chai mwenyewe, kisha akaibonyeza tena.